Kujuana Katika Biashara: Kutoka Barua za Unguja Hadi Mitandao ya Simu

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, ulizuka ubishi ambao wengi wenu mtaukumbuka. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alisema kwamba vijana wanaoshinda wakitazama simu hawafanyi biashara bali wanapoteza siku, na kwamba zama zetu mtu aliyetaka kuuza aliamka alfajiri akaenda sokoni. Mwingine, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, akamjibu kwamba nusu ya wateja wake hajawahi kuwaona kwa macho, na sabuni yake inakwisha. Ubishi haukuamuliwa, maana basi la kurudi mjini lilikuwa limekwisha kupiga honi mara mbili. Mhariri ameniomba niandike machache juu ya jambo hilo, na kwa kuwa nilisomesha historia kabla ya kufungua duka, nitaanzia mbali kidogo. Wasomaji wanivumilie.

Tuchukue Unguja ya karne ya 19. Mwaka 1833 Sultani Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Wamarekani wakamweka balozi wao mdogo kisiwani. Nguo zao za pamba zilienea hadi bara zikaitwa merikani, jina ambalo bibi zetu walilitumia bila kujiuliza limetoka wapi. Nguo hizo, pamoja na shanga na nyaya za madini, ndizo zilizokuwa fedha za safari za bara. Lakini aghalabu kiongozi wa msafara hakuwa na fedha za kuzinunua. Alizikopa.

Hamed bin Muhammed, ambaye wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, amesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na msomaji wa habari zake ataona jinsi mambo yalivyokuwa. Mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyetoka Kutch. Tippu Tip aliondoka pwani kwa safari yake kubwa mnamo mwaka 1870, asirudi Unguja mpaka mwaka 1882. Fikirini, ndugu zangu: mtu anachukua mali yako, anaingia nayo porini, anakaa huko miaka kumi na miwili. Hakuna mahakama utakayomfuata nayo Manyema. Mkopeshaji alipataje usingizi?

Jibu ni kwamba hakumwamini mtu mmoja tu. Aliwaamini watu wanaomjua mtu huyo. Matajiri wa Unguja walikuwa na wenzao Bagamoyo, na wa Bagamoyo walikuwa na wenzao Tabora na Ujiji. Pale Bagamoyo alikuwapo Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, ambaye alizipatia safari wapagazi na vifaa, na bila shaka alijua nani anadaiwa na nani. Kila msafara ulioshuka pwani ulishuka na barua, na pamoja na barua ulishuka na maneno: fulani pembe zake ni nyingi, fulani amegombana na machifu, fulani mali imemwishia naye anaona haya kusema. Jina la mtu lilifika pwani kabla yake. Yasemekana, na ni kweli, kwamba baadhi ya wafanya biashara waliolowea Tabora na Ujiji hawakulowea kwa kupenda hali ya hewa ya huko. Walikuwa na madeni pwani, na pwani yote ilijua.

Nisieleweke vibaya. Biashara ile ilikuwa ya pembe, na ilikuwa pia ya watu. Kuaminiana kule kule baina ya mkopeshaji na mkopaji ndiko kulikowafikisha binadamu kwenye soko la Unguja mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Mtu aweza kulipa deni lake kwa siku iliyoahidiwa na akawa dhalimu. Ninalotaka kuonyesha ni jinsi chombo kilivyofanya kazi, na kilifanya kazi kwa watu wema na wabaya vile vile, kama kinavyofanya leo.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea kusini hadi Durban. Kabla ya hapo bei ya pembe huko Ulaya ilifika na meli, na mwenye meli ndiye aliyeijua kwanza. Baada ya hapo ilifika kwa saa chache, kwa yule aliyeweza kulipia maneno. Lakini waya ulileta bei tu. Haukuweza kueleza kama fulani wa Tabora ni mwaminifu. Hilo liliendelea kwenda kwa miguu.

Naruka miaka mingi, kwa kuwa ya wakoloni mliyasoma darasani na baadhi yenu mliyapigia usingizi. Nitue kidogo miaka yetu wenyewe. Wale mliomaliza shule mwishoni mwa miaka ya 1970 hamhitaji kukumbushwa. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka mengi ya watu binafsi, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilikuwa vitu vya kunong'onezana. Bidhaa zilipitia Kampuni za Biashara za Mikoa, na kuzipata kulihitaji kibali. Wakati huo mtu hakuuliza "bei gani?" bali "umesikia wapi?" Habari yenyewe ilikuwa bidhaa. Ndipo likazuka neno undugunaizesheni, neno la mzaha lenye machungu ndani yake, maana aliyemjua mwenye mhuri alipata katoni kumi na asiyemjua alipata jibu la "njoo kesho". Mwaka 1983 Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianza kuwasaka wahujumu uchumi, na watu wakatupa sukari mitoni. Mwaka 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na polepole rafu zikajaa.

Naitaja habari hii kwa sababu kizazi chetu kilitoka pale na chuki ya kujuana. Kwetu sisi kujuana kulikuwa ni mlango wa nyuma. Nadhani mwalimu mstaafu aliyelaumu simu alikuwa anaukumbuka mlango huo. Hata hivyo, kuna kujuana kunakofunga mlango kwa wengine, na kuna kujuana kunakomwezesha mtu wa Sumbawanga asiye na mjomba mjini kumpata muuzaji wa Dar es Salaam bila kupanda basi. Hayo mawili yamechanganywa mno.

Mwaka huo huo wa 1973 ambao jarida letu lilikuwa bado linachapwa kwa stensili, mtaalamu wa Marekani aitwaye Mark Granovetter alitoa makala ambayo yameendelea kusomwa mpaka leo. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliobadilisha kazi karibuni, akawauliza yule aliyewapa habari ya kazi mpya walikuwa wakimwona mara ngapi. Mtu angetarajia kusikia: ni rafiki yangu wa damu, tunaonana kila siku. Sivyo. Katika kila 100 waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, kama 17 tu ndio waliokuwa wakimwona mara mbili kwa juma au zaidi. Kama 56 walimwona zaidi ya mara moja kwa mwaka lakini chini ya mara mbili kwa juma, na kama 28 walimwona mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Maelezo yake ni mepesi. Rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Mnakunywa chai katika mkahawa mmoja. Yule usiyemwona anakaa kwenye habari usizozijua.

Sasa jiulizeni, ni nani mtu humjua lakini hamwoni? Ni yule aliyesoma naye. Na hapa historia ya mitandao ya kijamii inatuhusu sisi kuliko wengi. Mojawapo ya mitandao ya kwanza ya aina hii, Classmates, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995 na Randy Conrads, ilikuwa ni ya kutafuta wenzako wa shule. Mwaka 2000 Waingereza nao wakapata wa kwao, Friends Reunited, kwa kazi ile ile. Facebook ilianza mwezi Februari 2004 kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard peke yao. Ikaenda vyuo vingine, mwaka 2005 ikafika shule za sekondari za Marekani, na mwezi Septemba 2006 ikafunguliwa kwa watu wote. Ule uliotengenezwa mahsusi kwa mambo ya kazi na biashara, LinkedIn, ulifunguliwa Mei 2003. Kwa hiyo mkutano wetu wa kila mwaka, na pilau yake, na hotuba ndefu ya Mwenyekiti, ndio mfano ambao vijana wa California walikuja kuutajirikia.

Kwetu mambo yalichelewa kwa sababu ya waya. Mpaka mwaka 2009 nchi zetu zilipata intaneti kwa satelaiti, na ilikuwa ghali na ya kusuasua. Wanaokumbuka vibanda vya intaneti watakumbuka pia jinsi dakika zilivyokwisha kabla barua haijafunguka. Mwezi Juni 2009 mkongo wa TEAMS uliingia Mombasa ukitoka Fujairah katika Ghuba, na Julai ukaanza kazi wa SEACOM, unaopita Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Mwanafunzi wa historia hawezi kuacha kutabasamu: mkongo umetoka Ghuba ukateremka Mombasa, njia ya majahazi ya kaskazi.

Lakini mkongo peke yake usingemfaa mfanya biashara mdogo. Kilichomfaa ni kwamba fedha nayo ilikuwa imeanza kusafiri kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. WhatsApp ikaanza mwaka 2009, Instagram mwaka 2010. Basi vikakutana vitu vitatu katika kifaa kimoja cha mfukoni: picha ya bidhaa, mazungumzo na mwenye bidhaa, na malipo. Taria Topan alihitaji karani, barua na miaka kumi na miwili.

Mwenye kutaka kuona jinsi kazi hii inavyofanyika aende Kariakoo. Muuzaji wa viatu anapiga picha mzigo ukingali ndani ya robota, anaituma kwenye makundi ya wateja wake wa Lubumbashi, Lusaka, Moroni na mikoani, na kabla ya adhuhuri nusu ya mzigo imekwisha kugawanywa. Fedha zinakuja kwa simu au kwa mtu, na mzigo wa mikoani unapakiwa katika basi la jioni. Huyo huyo anazungumza na mwenye ghala wa Guangzhou kwa WeChat, kwa Kiingereza ambacho mwalimu wetu wa lugha angekitia wino mwekundu wote, na wanaelewana. (Kuna jambo moja linaloniudhi: wauzaji wanaoweka picha bila bei, wakiandika "njoo pembeni". Mwenye duka la mtaani akifanya hivyo tungesema ana neno la kuficha.)

Faida ya kwanza ya mitandao kwa mjasiriamali, basi, huonekana kuwa wateja. Mimi nasema faida kubwa zaidi ni habari juu ya watu, na nitaeleza nilivyojifunza, ingawa hainipi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kuagiza vitasa na bawaba moja kwa moja kutoka China badala ya kununua kwa wa jumla. Katika kundi moja la wafanya biashara, lenye watu zaidi ya mia mbili nisiowajua, nilimpata wakala wa mizigo. Alikuwa na picha za ghala, picha za makontena, na sifa kutoka kwa watu waliojiita wateja wake. Alizungumza kwa adabu, akiniita mzee wangu. Nililipa kwa awamu mbili. Mzigo ulikuwa "baharini", kisha ulikuwa "bandarini", kisha simu ikawa haipatikani. Nilikwenda kutoa taarifa panapohusika, nikapewa karatasi yenye namba. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Kwa aibu nilikaa kimya majuma matatu. Ndipo usiku mmoja nikaandika habari hizo katika kundi letu hili la wanafunzi wa zamani, si kwa kuomba msaada bali kwa kuutua mzigo moyoni. Haikupita saa moja. Mwenzetu aliyeko Tunduma akajibu kwamba mtu huyo huyo, kwa jina jingine na sauti ile ile, alimfanyia shemeji yake hivyo hivyo mwaka uliotangulia. Mwingine, ambaye sijamwona tangu Kidato cha Nne na ambaye sasa yumo katika kazi ya forodha, akaandika maneno matatu tu: "Mbona hukuuliza?"

Ndiyo. Mbona sikuuliza? Kwa kuwa niliona kundi lile kubwa ni la biashara, na kundi letu ni la salamu, rambirambi na picha za mahafali. Habari niliyoihitaji ilikuwa kwa watu ninaowajua na nisiowaona, kama alivyoandika Granovetter mwaka 1973, nami nikaenda kuitafuta kwa watu nisiowajua kabisa. Katika kundi la wageni mia mbili hakuna anayepoteza kitu akisema uongo. Katika kundi la watu mliolala bweni moja, anayesema uongo atakutana nanyi katika kila harusi na kila msiba. Wakopaji wa Ujiji wangeelewa.

Tangu siku hiyo nimeona kundi letu likifanya kazi ambayo hatukulianzishia. Mwenzetu mwenye mashine ya kusaga alikwama kwa kukosa beringi. Akapiga picha ile mbovu, na aliyemjibu akiwa nayo alikuwa mtu waliyegombana naye mwaka wa pili wa shule wasisemezane tena. Beringi ilifika kwa basi kesho yake, fedha zikatumwa baada ya mashine kuwaka, si kabla. Angalieni mpangilio huo wa mwisho: mzigo kwanza, fedha baadaye. Hakuna mgeni atakayekupa hivyo.

Lakini yafaa niseme pia udhaifu wa jengo hili, maana mtu anayejenga duka lake lote ndani ya mtandao amejenga katika kiwanja cha watu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa la mafundi wao wenyewe, na wauzaji wa kila bara wakakaa wakitazama vioo vya simu. Huko Uganda, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, mtu alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku ili aitumie mitandao hiyo. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa ikawekwa ya asilimia 12 juu ya gharama za intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ya nchi hiyo ilizimwa kwa siku kadhaa, na Facebook ikazuiwa. Kwetu Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na ikapita siku kadhaa kabla ya kurudi. Huzuni za siku zile ni kubwa kuliko biashara, na sitazipima kwa mizani ya duka. Nasema tu kwamba siku hizo mwenye namba za wateja katika daftari aliweza kuwapigia, na mwenye wateja katika mtandao peke yake hakuwa na mteja.

Hata bila ya serikali kuingilia, mwenye kiwanja anaweza kukihamisha. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itawaonyesha watu zaidi habari za jamaa na marafiki zao na kupunguza za kurasa za biashara. Waliokuwa wamekusanya maelfu ya wafuasi kwa miaka wakaambiwa, kwa lugha ya adabu, walipie matangazo. Na ile Friends Reunited niliyoitaja, iliyouzwa mwaka 2005 kwa pauni milioni 120, iliuzwa tena mwaka 2009 kwa milioni 25, na mwaka 2016 ikafungwa kabisa. Vyama vya wanafunzi wa zamani vilivyokuwa na majina yao mle, na ambavyo havikuwa na daftari lingine, vilianza upya.

Ndiyo sababu Kamati, katika kikao chake cha mwisho, imekubali ombi langu la kutengeneza orodha ya wanachama wenye biashara na ufundi. Katibu ataipokea kwa simu au kwa mkono. Kila mtu aandike jina lake, mwaka aliomaliza, mji aliopo, anachouza au anachojua, na majina ya wanachama wawili ambao wamewahi kufanya naye biashara. Hicho kipengele cha mwisho kilipigiwa kelele na wengine kwamba ni kutoaminiana, nilishikilia kibaki. Orodha itawekwa katika kundi letu, na pia itapigwa chapa katika karatasi, nakala moja kwa kila mwanachama, itolewe siku ya mkutano mlangoni kabla ya chakula. Mwalimu wetu mstaafu ameahidi kuisahihisha tahajia. Yeye mwenyewe amejiandikisha: ana mizinga 40 ya nyuki na anatafuta mnunuzi wa asali.